Kisicho na Majimaji: Asili ya Neno Aneroidi

Kitu kwa desturi hupewa jina kwa ajili ya kile kilichomo ndani yake, au kwa ajili ya kazi kifanyayo, au kwa mfano wa umbo lake. Kijiko hakiitwi "kisicho na makali", wala mashua haiitwi "isiyo na magurudumu". Ni ajabu basi kuona kwamba iko ala moja ya elimu, itumiwayo melini, katika ndege, milimani na hata hospitalini, ambayo walioipa jina hawakutazama kilichomo bali walitazama kilichokosekana. Ala hiyo huitwa aneroidi.

Asiyepata kuiona na afikiri juu ya kisanduku cha mviringo, kikubwa kama saa ya ukutani au kidogo kama saa ya mfukoni, chenye kioo usoni, tarakimu zikiwa zimezunguka ukingoni, na akrabu moja katikati. Kazi yake ni kupima kanieneo ya hewa, yaani nguvu ambayo hewa husukuma nayo juu ya kila kipande cha eneo. Ndani yake hamna tone la maji, wala la mafuta, wala la zebaki. Na hilo ndilo jambo ambalo jina lake hulitangaza. Neno limeundwa kwa vipande vitatu vya Kiyunani. Cha kwanza ni herufi a, ambayo katika lugha ile hukanusha. Twaifahamu katika neno atomu, ambalo maana yake ya asili ni kitu kisichokatika. Cha pili ni neno lenye maana ya umajimaji. Cha tatu ni ule mwisho wa -oidi, utokanao na neno la sura au umbo, kama tuuonavyo katika asteroidi, kitu chenye sura ya nyota. Tukiviunga pamoja twapata "kitu cha namna isiyo na majimaji".

Kile kipande cha pili chastahili kutazamwa kidogo, maana kina kisa chake. Wayunani wa kale waliyaita maji kwa neno jingine kabisa, lile lililotupatia jina la haidrojeni. Lakini maji yaliyotekwa sasa hivi chemchemini waliyasifu kuwa ni maji mapya, na kwa muda wa karne nyingi ile sifa ya upya ikalimeza jina la maji lenyewe, hata leo Myunani mwenye kiu huomba nero, wala hakumbuki kwamba mababu zake wangemwona anaomba "pya" tu. Jambo kama hilo limeipata na aneroidi pia. Hapo mwanzo neno hili lilikuwa sifa, likifuata nyuma ya jina: baromita aneroidi. Watu wakachoka kutamka maneno mawili, wakaacha jina wakabaki na sifa.

Ikiwa twafuata maana ya maneno matupu, jina hili ni baya. Jiwe la mafiga halina majimaji. Wala ufunguo, wala msumari, wala sahani ya bati. Vyote hivyo vyaweza kudai kuwa aneroidi. Jina la namna hii halina maana ila kwa mtu aliyekwisha kukijua kitu kingine kilichotangulia, ambacho kilikuwa na majimaji. Waingereza walipopata simu ambayo habari zake hazipiti katika waya, waliiita kwa jina la kukosa waya; Waswahili wa siku zile walisema simu ya upepo, wakitaja njia mpya badala ya ile iliyoachwa. Kwa maoni yangu Waswahili ndio waliotaja vizuri zaidi. Hata hivyo jina la ukosefu lina faida moja: hutunza ndani yake kumbukumbu ya mtangulizi. Kwa hiyo mtu hawezi kusimulia habari za aneroidi asianze na zebaki.

Katika karne ya 17 mafundi wa visima na migodi ya Italia walikuwa na jambo lililowasumbua. Bomba la kunyonya, hata likiwa zuri namna gani, halikuweza kupandisha maji zaidi ya mita 10 hivi. Wanachuo wa zamani walikuwa wamefundisha kwamba maumbile huchukia utupu, na kwamba maji hupanda bombani kuukimbilia utupu ili kuujaza. Kama ndivyo, kwa nini chuki hiyo iishie kwenye mita 10? Galileo alifariki mwaka 1642 kabla suala hilo halijatatuliwa. Aliyelitatua ni Evangelista Torricelli, aliyekaa mahali pa Galileo huko Florence. Yeye aliwaza kwamba maji hayavutwi na kitu chochote kilicho juu. Husukumwa kutoka chini, na kinachoyasukuma ni uzito wa hewa yote iliyo juu ya kisima. Ikiwa hewa yaweza kuinua maji mita 10 tu, basi majimaji mazito zaidi yatainuka kidogo zaidi. Zebaki ina uzito wa mara 13 na nusu hivi kuliko maji. Kijana aliyeitwa Vincenzo Viviani akaijaza neli ya kioo zebaki, akaiziba kwa kidole, akaipindua ndani ya bakuli la zebaki, akaondoa kidole. Zebaki ikashuka, kisha ikasimama yenyewe kwa kimo cha sentimita 76 hivi, na juu yake pakabaki utupu. Mnamo Juni 1644 Torricelli alimwandikia rafiki yake aliyekuwa Rumi, akamweleza kuwa sisi wanadamu twaishi chini kabisa ya bahari ya hewa. Mtu wa pwani hatahitaji kuelezwa fikira hiyo mara mbili: pweza aliye katika sakafu ya bahari hauhisi uzito wa maji, lakini uzito upo.

Torricelli alikufa mwaka 1647, umri wake miaka 39. Mwaka uliofuata Mfaransa Blaise Pascal akaifikisha fikira yake mbali zaidi. Ikiwa twaishi chini ya bahari ya hewa, basi apandaye mlima huwa anaelea kuelekea juu ya bahari hiyo, na zebaki yake budi ishuke. Pascal mwenyewe alikuwa Paris, tena si mtu wa afya. Akamwomba shemeji yake, Florin Périer, apande mlima Puy de Dôme. Tarehe 19 Septemba 1648 Périer aliacha neli moja chini katika bustani ya watawa, mtawa mmoja akiilinda kutwa nzima asione badiliko lolote. Neli nyingine akapanda nayo. Kileleni zebaki ilikuwa imepungua sentimita 8 hivi. Tangu siku ile ala hiyo ikawa na kazi mbili, kutabiri hali ya hewa na kupima urefu wa milima. Jina la baromita, maana yake kipimo cha uzito, lilienea katika miaka ya 1660 kwa maandishi ya Mwingereza Robert Boyle.

Ala hiyo ilikuwa sahihi, lakini ilikuwa mzigo. Neli ni ndefu karibu mita moja, na ni ya kioo. Yapasa isimamishwe wima. Ikilazwa vibaya, kiputo cha hewa huingia juu ukaharibika ule utupu. Ikivunjika, zebaki hutawanyika sakafuni kwa vishanga vidogo visivyookoteka, na mvuke wake ni sumu. Melini ilikuwa taabu zaidi, kwa kuwa chombo kikipanda na kushuka, zebaki nayo hupanda na kushuka ndani ya neli, na nahodha hajui asome wapi. Ikawa ala ya kupimia dhoruba haisomeki vizuri saa ambayo dhoruba imefika.

Kwa hiyo si ajabu kwamba watu walianza mapema kutamani baromita isiyo na zebaki. Mjerumani Gottfried Wilhelm Leibniz, mwanafalsafa na bingwa wa hesabu, alieleza fikira hiyo katika barua zake mwishoni mwa karne ya 17 na mwanzoni mwa karne iliyofuata. Aliwaza mvukuto mdogo mfano wa ule wa mhunzi, uliozibwa kila upande, ambao hewa ya nje ingeufinya na kuuachia kadiri ya nguvu zake. Ilibaki fikira tu. Miaka 100 baadaye, mwaka 1798, Nicolas-Jacques Conté wa Ufaransa aliunda ala ya namna hiyo kwa matumizi ya maputo ya kuruka angani. Conté alikuwa mtu wa vipaji vingi, aliyepoteza jicho lake moja katika majaribio ya haidrojeni. Naye ndiye aliyegundua njia ya kuchanganya risasi nyeusi ya kuandikia na udongo, ambayo kwayo kalamu za risasi tutumiazo zafanyizwa. Ala yake ilikuwa na kifuniko chembamba cha chuma cha pua juu ya springi ndogo, lakini ilikuwa na kasoro kubwa: joto na baridi viliigeuza kama hewa ilivyoigeuza, hata mwenyewe akakata tamaa nayo.

Aliyefaulu ni Lucien Vidie, mzaliwa wa Nantes katika Ufaransa, aliyezaliwa mwaka 1805. Hakuwa mtaalamu wa hali ya hewa wala fundi wa saa. Alisomea sheria, kisha akavutwa na mitambo ya mvuke, na katika kufikiri namna ya kupima nguvu za mvuke ndipo alipoifikia njia ya kupima nguvu za hewa. Mwaka 1844 alipata hataza ya ala yake, yaani hati ya serikali ya kumlinda mvumbuzi asiibiwe, na ala hiyo ndiyo iliyoitwa aneroidi.

Moyo wa ala hii ni kopo bapa la madini, jembamba sana, ambalo nyuso zake mbili zimekunjwa mikunjo ya duara, duara ndani ya duara, kama viwimbi juu ya maji yaliyotupiwa kijiwe. Hewa iliyokuwamo hunyonywa karibu yote, na kopo likazibwa. Sasa hewa ya nje yataka kulifinya. Nguvu hiyo si ya mchezo: kopo lenye upana wa sentimita 5 tu hubeba juu ya uso wake mzigo wa kilo 20 hivi, na lingebonyea mara moja kama si kamani ngumu inayouvuta uso wake usizame. Kwa hiyo pana mashindano ya daima baina ya hewa na kamani. Hewa ikizidi nguvu, uso wa kopo hushuka. Hewa ikipungua, kamani hushinda na uso huinuka. Mwendo huo ni mdogo hata jicho haliwezi kuuona. Lakini wenzo huukuza, na wenzo wa pili huukuza tena, kisha mkufu mwembamba kuliko uzi wa kushonea huzungushwa juu ya mhimili mdogo, na mhimili huo ndio uchukuao akrabu. Ile kasoro ya Conté, mafundi waliipunguza kwa kuacha hewa kidogo sana ndani ya kopo au kwa kutumia wenzo uliofanywa kwa madini mawili tofauti, ili joto likilegeza upande mmoja upande mwingine ufidie.

Mtengenezaji wa saa wa London, Edward John Dent, aliandika kitabu kidogo juu ya ala hii mwaka 1849 na kuiuza dukani mwake. Ndiye fundi yule ambaye baadaye kidogo alipewa kazi ya kuunda saa kubwa ya bunge la Uingereza. Katika miaka ya 1860 nyumba ya Negretti & Zambra ilifaulu kuipunguza aneroidi ikawa kiasi cha saa ya mfukoni. Sasa msafiri aliweza kutia mfukoni kitu ambacho zamani kilihitaji mpagazi wake peke yake.

Vidie hakuyafurahia matunda hayo kwa amani. Mwaka 1849 Mfaransa mwenzake, Eugène Bourdon, alipata hataza ya kipimo cha neli bapa ya madini iliyopindwa kama mwezi mwandamo. Nguvu ya mvuke ikiingia ndani, neli hutaka kunyooka, na ncha yake husukuma akrabu. Vidie aliona ameibiwa. Fikira ya kutumia unyumbukaji wa chombo cha madini kupima nguvu, alidai, ilikuwa ni yake, na neli au kopo ni umbo tu. Wakapelekana mahakamani kwa miaka mingi, na mwishowe Vidie akapewa haki. Alifariki mwaka 1866. Dunia imekuwa na namna yake ya kuhukumu: jina la Bourdon bado hutajwa na kila fundi wa mitambo, kwa kuwa neli yake imo katika vipimo vya mapipa ya mvuke, mitungi ya gesi na pampu za magurudumu, jina la Vidie halijulikani sana, bali neno aneroidi limebaki. Tena hata neno hilo lilipata mpinzani. Nyumba moja ya Kifaransa, ya Naudet, iliuza ala za aina hiyo kwa jina jingine la Kiyunani lenye maana ya "gumu lote", yaani isiyo na kitu ndani yake ila kigumu. Hilo lilikuwa jina la kutaja kilichomo, si kilichokosekana. Kwa kanuni niliyoisema mwanzoni lilikuwa bora. Watu hawakulishika sana.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo jina la aneroidi hulificha. Mtu akiitazama aneroidi ya zamani ataona akrabu imeelekea, tuseme, 30, na juu ya tarakimu pameandikwa "inchi". Inchi 30 za nini? Ndani ya kisanduku hakuna kitu chenye urefu wa inchi 30. Kisanduku chenyewe hakina urefu huo. Hizo ni inchi za zebaki, zebaki isiyokuwamo. Kopo la Vidie halina kipimo cha kwake. Lajua kuinuka na kushuka tu. Halijui kwa kiasi gani. Ilibidi kila aneroidi iwekwe kando ya baromita ya zebaki, na skrubu iliyo nyuma izungushwe mpaka akrabu ikubaliane na neli. Ni kama kijana aliyehama nyumba ya baba yake akajivunia kujitegemea, lakini nafaka yake huipima kwa pishi la baba.

Deni hilo lilikuwa na sababu. Zebaki haichoki. Leo ina uzito uleule iliokuwa nao wakati wa Torricelli. Madini, kinyume chake, yana kama kumbukumbu: kopo lililofinywa au kuachiwa sana halirudi mara moja mahali pake, bali hubaki nyuma kidogo, na baada ya miaka kamani hulegea bila kumwarifu mtu. Mwenye aneroidi alipata wepesi, akapoteza sehemu ya yakini.

Biashara hiyo ilikaribia kugharimu uhai tarehe 5 Septemba 1862. Siku hiyo James Glaisher, mchunguzi wa hali ya hewa aliyekuwa na miaka 53, na Henry Coxwell, rubani wa maputo, waliruka kutoka Wolverhampton katika Uingereza wakiwa na ala nyingi, baromita ya zebaki na aneroidi miongoni mwake, pamoja na njiwa sita. Walipopita futi 29,000, Glaisher hakuweza tena kuona alama ndogo za zebaki. Macho yalififia, mikono ikalegea, kichwa kikaanguka begani, akazimia. Kamba ya kufungulia gesi ilikuwa imetatizika, na Coxwell alikuwa amepanda juu ya pete ya puto kuitatua. Mikono yake ilikuwa imekuwa myeusi kwa baridi na haikushika kitu. Akaikamata kamba kwa meno, akaivuta kwa kichwa mara mbili au tatu, puto likaanza kushuka. Katika hali hiyo Coxwell alikumbuka jambo moja: alipotupa macho kwenye aneroidi, akrabu yake ya buluu ilikuwa imelingana na kamba fulani ya chombo. Baadaye walipokadiria mahali pale pa akrabu walipata inchi 7, na kwa hesabu hiyo wakasema walifika futi 37,000. Wachunguzi wengi wa siku za baadaye wameona kwamba hesabu hiyo imezidi. Nami nawaunga mkono. Hata hivyo yafaa kukumbuka kuwa neli ya zebaki ilikuwapo pale pale, na katika dakika ile haikuwa na faida yoyote kwa mtu aliyepofuka na mwingine aliyekufa ganzi. Akrabu iliweza kusomwa kwa kutupiwa jicho mara moja.

Katika Afrika ya Mashariki wasafiri wa karne ya 19 waliotaka kujua urefu wa nchi walikuwa na njia mbili. Moja ilikuwa kuchemsha maji. Kadiri mtu apandavyo, hewa hupungua uzito, na maji huchemka kabla ya kufikia nyuzi 100. Nairobi huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Kwa njia hiyo John Hanning Speke, alipofika kwenye ziwa huko Mwanza mwaka 1858, alikadiria kuwa lipo futi 3,740 juu ya bahari, hesabu iliyo karibu sana na ile tuijuayo leo. Njia ya pili ilikuwa aneroidi, na wasafiri wenye busara walichukua vyote viwili, wakaisahihisha aneroidi kila mara kwa kuchemsha maji kambini. Basi ala isiyo na majimaji ilikuwa ikishuhudiwa ukweli wake na sufuria ya maji.

Mwaka 1889 Mjerumani Hans Meyer na Ludwig Purtscheller wa Austria walifika kilele cha Kilimanjaro, tarehe 6 Oktoba. Mwini Amani wa Pangani, mtu wa pwani ambaye hakuzaliwa katika baridi, alikuwa amekaa nao katika kambi ya juu, akawatunzia moto na chakula walipokuwa kwenye barafu. Kwa vipimo vya hewa Meyer alikadiria kilele kuwa na mita 6,000 na zaidi kidogo. Wapimaji waliotumia darubini na hesabu za pembe mwaka 1952 walipata mita 5,895. Tofauti ni ya mita 100 hivi, kimo cha minazi minne au mitano iliyosimamishwa mmoja juu ya mwingine, katika mlima ambao ulipimwa na watu waliotetemeka. Sioni kuwa ni aibu kwa Meyer. Mtu apimaye kwa hewa lazima akisie pia joto la hewa yote iliyo baina yake na pwani, na makosa hayo si ya kopo.

Liko kosa jingine ambalo ni la binadamu. Aneroidi nyingi zilizouzwa Ulaya ziliandikwa usoni maneno ya hali ya hewa: kwenye inchi 28 dhoruba, kwenye 29 mvua, katikati mageuko, kwenye 30 na zaidi hali njema na ukavu. Mtu akiileta ala hiyo Nairobi bila kuirekebisha, akrabu hupita neno dhoruba ikaendelea kushuka mpaka nje ya tarakimu zote, maana kanieneo ya Nairobi ni inchi 24 na nusu hivi, hata siku ambayo mbingu hazina wingu. Mombasa tarakimu zafaa, lakini maneno hayafai. Karibu na ikweta kanieneo hupanda na kushuka mara mbili kila siku kama maji kujaa na kupwa: hufika juu saa nne asubuhi na saa nne usiku, hufika chini saa kumi alasiri na saa kumi za usiku, mvua inyeshe isinyeshe. Badiliko hilo la kila siku huzidi lile liletwalo na mawingu. Dhoruba ambazo baromita huzitabiri kweli ni vimbunga, navyo havifiki pwani yetu ila kwa nadra, kama kile kilichoipiga Unguja tarehe 15 Aprili 1872, kikazamisha merikebu za Seyyid Barghash na kung'oa mikarafuu kwa maelfu. Ala ilikuwa inasema kweli huku na kule. Walioandika maneno juu ya uso wake ndio waliodhani kuwa dunia yote ni Uingereza.

Kazi kubwa kuliko zote iliipata aneroidi ndege zilipoanza kuruka. Altimita, saa ya rubani ya kumwambia urefu, ni aneroidi iliyoandikwa futi badala ya inchi. Mwaka 1928 Paul Kollsman, mzaliwa wa Ujerumani aliyehamia Marekani, aliunda altimita nyepesi kuhisi kuliko zilizotangulia, na tarehe 24 Septemba 1929 James Doolittle aliitumia kuruka na kutua karibu na New York akiwa amefunikwa kabisa asione nje. Altimita ina kidirisha ambamo rubani hutia kanieneo ya uwanja anaokusudia kutua. Karibu na usawa wa bahari kila hektopaskali moja ni sawa na mita 8 hivi. Akikosea hektopaskali 10, ardhi itakuwa karibu zaidi kwa mita 80 kuliko anavyodhani, na usiku wa ukungu hizo ni mita nyingi. Katika Kenya tarakimu hizo hutajwa kwa hektopaskali. Katika Marekani, mpaka leo, hutajwa kwa inchi za zebaki.

Msomaji asiyepata kuingia katika chumba cha rubani huenda ameiona aneroidi mahali pengine bila kuijua jina. Katika zahanati nyingi muuguzi hufunga kitambaa mkononi mwa mgonjwa, akaminya mpira, akatazama saa ndogo ya mviringo iliyoning'inia kwenye bomba. Saa hiyo nayo huitwa aneroidi, ingawa kopo lake halikunyonywa hewa. Hewa ya kitambaa huingia ndani na kulivimbisha. Hapo ule ulegevu wa jina niliousuta mwanzoni umelifaa. Kama lingalitaja kopo tupu au kamani, lisingaliweza kuhamia huku. Lakini kwa kuwa lilitaja ukosefu wa majimaji tu, limeikubali kila ala iliyoyakosa. Mtangulizi wake hapa pia alikuwa wa zebaki, kipimo alichokitangaza Scipione Riva-Rocci wa Italia mwaka 1896.

Zebaki yenyewe sasa inaondoka. Mkataba wa Minamata, uliopewa jina la mji wa Japani ambao watu wake waliangamizwa na sumu hiyo kupitia samaki waliowala, ulikubaliwa mwaka 2013 na kuanza kufanya kazi mwaka 2017, na uliweka mwaka 2020 kuwa mwisho wa kutengeneza na kuuza baromita na vipimo vya damu vya zebaki, ila kwa ruhusa maalumu. Muuguzi anapomaliza huandika katika kadi 120 juu ya 80. Hizo ni milimita za zebaki.